Jarida, ripoti ya serikali, kitabu cha mzee au gazeti: uanze na kipi ukitafuta historia ya Uganda?

Kijana wa jirani alinikuta barazani Jumapili moja, daftari mkononi. "Mwalimu, nielekeze kitabu cha zamani kuliko vyote kuhusu Uganda." Nikamuuliza cha nini. Akasema babu yake alizaliwa Buyaga, kaunti ya Bunyoro ambayo Waingereza waliipa Buganda, na kila msiba unapokusanya ukoo ubishi ni ule ule: sisi ni Wanyoro tuliogeuzwa Waganda, au ni Waganda tuliowakuta Wanyoro pale? Aliamini kitabu kikongwe ndicho kitakachoumaliza.

Ningemwacha aende hivyo, angeishia kwa Harry Johnston, kamishna maalumu wa Waingereza aliyetia saini Mkataba wa 1900 na Buganda. Kitabu chake cha juzuu mbili kilitoka 1902. Kizito, kina picha nyingi, kinapendeza. Lakini ukikipekua unakuta kurasa kwa kurasa za Wamasai na Wanandi, na unaanza kujiuliza kama umeshika kitabu cha nchi nyingine. Hujakosea. Siku zile mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa kweli imeingia Uganda. Mwaka 1902, kitabu kinatoka, mkoa ule nao ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Kwa hiyo "Uganda" ya jalada lile si Uganda ya huyu kijana, na ukongwe wake haumsaidii kitu kuhusu Buyaga.

Nimeona watu wengi wakikwama hapo hapo: wanachagua kwa umri wa kitabu badala ya kuchagua kwa swali. Basi niyapange mafungu manne ya machapisho ya kale yaliyomo katika maktaba zetu, yale ambayo watu hunijia wakiwa wameyachanganya.

Nitayapima kwa vipimo vinne. Kwanza, fungu linajibu swali la namna gani. Pili, kalamu ilikuwa ya nani, na aliyeandikiwa ni nani. Hiki kwangu ni kipimo kizito kuliko vyote. Tatu, lugha, maana si kila anayesoma Kiswahili na Kiingereza anasoma Kiganda au Kinyoro. Nne, jasho la kukifikisha mezani: kibali, nauli, muda, na kama kina faharasa au itabidi upekue ukurasa mmoja mmoja.

Jarida la Uganda Society

Chama hiki kilianzishwa Entebbe mwaka 1923, na jarida lake, Uganda Journal, likaanza kutoka Januari 1934. Katika miaka ya 1970 likakatika, likafufuliwa miaka ya 1990.

Kinachojibiwa: maswali membamba. Makala moja inashughulika na jambo moja: kaburi la mfalme, vita fulani, ukoo, aina ya mtumbwi, mawe ya kale, ndege wa ziwani. Katika juzuu ya kwanza kabisa Jaji John Gray aliandika juu ya Kabaka (yaani mfalme wa Buganda) Mutesa, na mpaka leo wanafunzi wanaanzia hapo. Ukitaka picha pana ya nchi nzima, jarida litakuchosha. Ukitaka kitu kimoja kilichochimbuliwa hadi mzizi, hapa ndipo.

Kalamu: mwanzoni ni ya maofisa wa serikali, wamishonari na wataalamu wa Kizungu, wakiandikiana wao kwa wao. Utawasikia wakipongezana na kusahihishana kama watu wa klabu moja. Lakini kati ya 1935 na 1937 ikaingia sauti nyingine: mfululizo wa makala juu ya wafalme wa Bunyoro-Kitara, mwandishi akijiita K.W. tu. Herufi hizo ni Kabalega na Winyi, na anayetajwa kuwa nyuma yake ni Omukama (mfalme wa Bunyoro) Tito Winyi mwenyewe, mwana wa yule Kabalega ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1899. Mfalme anaandika katika jarida la watawala wake, miaka michache tu baada ya Bunyoro kupata mkataba wake wa 1933, na huku ardhi yake iliyopewa Buganda, Buyaga ikiwamo, bado haijarudi. Soma makala zile ukilijua hilo, zinabadilika rangi.

Lugha ni Kiingereza. Kulipata si kazi kubwa: maktaba ya chama imekuwa ndani ya Makumbusho ya Taifa pale Kira Road, Makerere wanalo, na Chuo Kikuu cha Florida kimeweka matoleo mengi mtandaoni. Ulizia saa za kufungua kabla hujapanda boda kwenda makumbusho.

Linamfaa mwalimu anayetafuta makala moja ya kusoma na darasa, mwanafunzi wa shahada aliyekwisha kulibana swali lake, na mwandishi wa habari mwenye siku mbili tu.

Machapisho ya serikali

Hapa naweka gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1908, ripoti za mwaka za idara, vile vitabu vya takwimu vilivyoitwa Vitabu vya Buluu, sensa, na vitabu vya rejea kama atlasi ya Uganda iliyotolewa 1962 na tena 1967.

Kinachojibiwa: lini, wapi, kiasi gani, nani aliteuliwa, mpaka ulipita wapi. Ukitaka tarehe ambayo amri fulani ilianza kutumika, usibishane na mtu, fungua gazeti rasmi.

Kalamu: ofisa akimwandikia mkubwa wake Entebbe, naye akimwandikia waziri London. Kila mmoja anataka aonekane ameweza. Ndiyo maana pamba inayouzwa inapata kurasa nyingi na njaa inapata aya moja. Chukua ugonjwa wa malale uliofagia pwani na visiwa vya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20. Zaidi ya watu 200,000 walikufa, na chini ya Gavana Hesketh Bell watu wakahamishwa kutoka pwani na visiwani, Ssese ikiwamo. Ripoti zitakupa hesabu za wagonjwa na kambi. Jina la hata mtu mmoja wa Ssese aliyefunga mizigo yake kwenye mtumbwi hulipati.

Sensa nazo zina mtego wake. Zile za 1911, 1921 na 1931 zilitegemea sana hesabu zilizokusanywa na machifu. Ya 1948 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kitaalamu. Halafu zikafuata za 1959 na 1969. Ukichukua namba ya 1921 ukailinganisha na ya 1948 bila kusema hivyo, utaandika kwamba watu waliongezeka kwa kasi ya ajabu wakati kilichoongezeka ni umakini wa kuhesabu. Na safu ya "kabila" ijazwavyo inategemea aliyejaza. Katika kaunti zenye ubishi, mtu anaweza kujiandikisha hivi mwaka huu na vile mwaka mwingine, kwa sababu zake.

Lugha ni Kiingereza cha ofisini. Kuyapata: sehemu ya Afrikana ya maktaba ya Makerere ndiyo hazina kubwa. Makerere ilipewa kisheria, tangu 1958, haki ya kupokea nakala za machapisho ya nchini. Maktaba ya Taifa, Buganda Road, ilianzishwa kwa sheria ya 2003, kwa hiyo usiende pale ukitarajia mambo ya 1910. Na usichanganye machapisho na mafaili. Barua za ndani, zile zenye maandishi ya penseli pembeni, ziko Nyaraka za Taifa, ambazo zilikaa miaka mingi kwenye ghorofa ya chini ya ardhi Entebbe kabla ya kuhamishiwa jengo jipya Wandegeya. Huko andaa barua ya utambulisho na kibali cha utafiti mapema.

Yanamfaa mwanasheria, mpima ardhi, mwanafunzi wa uchumi, na yeyote mwenye ubishi unaotaka tarehe.

Vitabu vya wazee wa hapa

Fungu hili ndilo nilipendalo, na ndilo linalohitaji macho manne.

Kinachojibiwa: wafalme, koo, miiko, vyeo, nani alipewa kijiji gani na kwa nini. Apolo Kagwa alitoa kitabu chake cha wafalme wa Buganda mwaka 1901, na cha mila mwaka 1905. Petero Bikunya alitoa cha wafalme wa Bunyoro mwaka 1927. John Nyakatura, chifu wa Bunyoro, akafuata mwaka 1947 na kitabu kikubwa zaidi, kwa Kinyoro, kilichopigwa chapa Kanada. Ndiyo, Kinyoro kilichopigwa chapa Quebec. Hakuna ripoti ya serikali iliyo na robo ya majina yaliyomo humu.

Kalamu: Kagwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, tangu 1889 hadi 1926. Alipigana katika vita vya dini upande wa Waprotestanti. Mwaka 1900 alitia saini mkataba uliogawa ardhi ya Buganda, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliofaidi. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na Kagwa mmoja wa wasimamizi watatu wa kiti. Mwaka mmoja baadaye anatoa historia ya wafalme. Simwambii mtu asimwamini Kagwa. Bila yeye tungekuwa gizani. Nasema msome kama unavyomsikiliza mzee wa ukoo ambaye pia ndiye mwenye shamba.

Halafu kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Mtu anasoma Kagwa, anataka shahidi wa pili, anamchukua John Roscoe, mmishonari aliyetoa kitabu juu ya Waganda mwaka 1911. Anakuta wawili wanakubaliana, anafurahi. Lakini Roscoe aliwapata wazee wake wengi kwa msaada wa Kagwa. Mashahidi wako wawili ni Kagwa na mwangwi wake.

Upande wa Bunyoro nako, Nyakatura aliandika ili Kitara ionekane ilivyokuwa kubwa kabla ya kukatwa vipande. Wanahistoria wamebishana sana juu ya orodha za wafalme za pande zote mbili, wengine wakisema ziliendelea kurefuka kadiri vitabu vilivyotoka, kila ufalme ukitaka nasaba yake isipitwe na ya jirani. Sikatai wala sikubali. Naweka orodha mbili mezani na kuzisoma pamoja.

Lugha: Kiganda na Kinyoro. Kitabu cha Kagwa kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Semakula Kiwanuka mwaka 1971, chenye maelezo yanayomhoji Kagwa mwenyewe. Cha Nyakatura kilipata tafsiri mwaka 1973. Tafsiri zinasaidia, lakini cheo kama kile cha Mukwenda au Sekibobo kikishageuzwa "chifu", umepoteza nusu ya habari. Kama una shangazi anayesoma Kiganda, mpe karanga akusomee.

Kuvipata ndiko kwenye taabu. Nakala ni chache na zimechoka. Niliwahi kupewa kitabu katika maktaba moja ambayo sitaitaja, nikakifungua palipohusu ukoo niliotumwa kuutafuta, sentensi ikaishia katikati. Nikadhani kurasa zimegandana. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu, nikahisi vijisiki vya karatasi, vimenyooka kama vilivyopigwa rula. Wembe. Mtu aliketi pale pale nilipoketi, akakata kurasa sita na kuondoka na babu zake mfukoni. Mkutubi alitazama, akashusha miwani, akasema tu, "Na wewe unautafuta ukoo huo?" Akaniuliza hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. Tangu siku hiyo natafuta angalau nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Vinamfaa anayeandika historia ya ukoo, mtafiti wa mila, na mtu ambaye tayari ana kitabu cha upande wa pili mkononi.

Magazeti ya zamani

Kinachojibiwa: watu walisema nini wiki ile ile, kabla hawajajua mambo yataishaje. Hakuna fungu jingine linalotoa hilo.

Kalamu: inategemea gazeti, na yanatofautiana mno. Waanglikana walianza Mengo Notes mwaka 1900, kisha Ebifa mu Buganda mwaka 1907. Wakatoliki wakajibu kwa Munno mwaka 1911. Uganda Herald la 1912 lilikuwa la Wazungu na wafanyabiashara. Waganda wenyewe wakatoka na Sekanyolya 1920 na Matalisi 1923, na hapo ndipo barua za wasomaji zinaanza kuuma. Uganda Argus likaja 1955, na wakati wa Amin likageuzwa Voice of Uganda. Kwa miaka ile usitafute tu kilichoandikwa, tazama pia kilichoacha kuandikwa. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa mapema mwaka 1973.

Lugha: ya zamani zaidi mengi ni Kiganda, na tahajia yake si ya leo. Kuyapata: Makerere tena, na mikrofilamu katika maktaba kubwa za Uingereza na Marekani. Hayana faharasa. Bila tarehe mkononi utapekua hadi shingo iume na vumbi likujae puani, kwa hiyo pata tarehe kwanza kwenye gazeti rasmi au jaridani, ndipo uombe juzuu.

Yanamfaa mwandishi wa habari, mtafiti wa siasa, na mwenye subira.

Swali moja likipitishwa kote

Nitoe mfano wangu, kwa kuwa linatuhusu tunaosoma Kiswahili Uganda. Miaka mingi nilitaka kujua kwa nini lugha hii ilikataliwa Buganda mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati Gavana William Gowers alipotaka iwe ya shule na ofisi.

Machapisho na mafaili ya serikali yalinipa hoja za Gowers: lugha moja, gharama ndogo, maofisa kuhamishika. Yote yana mantiki, na ukisoma hayo peke yake utashangaa kwa nini mtu akatae. Magazeti ya Kiganda ndiyo yaliyonieleza hofu: kwamba nyuma ya Kiswahili kuna mpango wa kuunganishwa na Kenya ya masetla, na mtoto atakayefundishwa kwa lugha hiyo atakuwa kibarua. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa mwenyewe aliandika kuipinga. Vitabu vya wafalme havikunipa kitu, kwani havikuandikwa kwa ajili ya swali hilo. Na jarida, likiwa limezaliwa 1934, lilikuta moto umeshapoa. Lingekuwa swali la makaburi ya wafalme, matokeo yangekuwa kinyume kabisa: jarida na vitabu vya wazee vingebeba mzigo wote, magazeti yangekaa pembeni.

Kwa hali yako

Kama una siku moja tu na simu, anza na jarida mtandaoni. Hata vitabu vya Johnston na Roscoe vimeshapita muda wa hakimiliki na vinapatikana bure katika Internet Archive, ila umeshaonywa juu ya Naivasha na juu ya mwangwi.

Kama una kesi ya ardhi au mpaka, nenda kwenye gazeti rasmi na ramani, uandike namba ya toleo na ukurasa pale pale. Kitabu cha mzee kitakuongezea maelezo, lakini wakili wa upande wa pili atakichana.

Kama unafundisha sekondari, chukua tukio moja, kwa mfano kuhamishwa kwa watu wa Ssese, uwape watoto aya ya ripoti na makala ya jaridani, waone zinavyopishana. Usiwape Kagwa mzima; watalala.

Kama unaandika ukoo, anza na wazee walio hai kabla ya maktaba, kisha vitabu vya Kagwa au Nyakatura, vyote viwili kama kwenu ni mpakani. Beba penseli, maana kalamu za wino mara nyingi haziruhusiwi karibu na vitabu vya kale.

Na kijana wa Buyaga? Nilimwandikia karatasi: makala za K.W. kwanza, kwa kuwa zipo mtandaoni na hana nauli. Halafu tafsiri ya Nyakatura na ile ya Kagwa, azisome sambamba. Sensa ya 1948 na ya 1959 kwa kaunti yake. Mwisho magazeti ya Novemba 1964, mwezi wa kura ya maoni ambayo Buyaga na Bugangaizi zilichagua kurudi Bunyoro. Alirudi baada ya wiki tatu. Hakuwa na jibu la msiba ujao, lakini alikuwa na swali jipya ambalo hakuna kitabu kati ya hivyo kinacholigusa: babu yake alipiga kura upande gani? Nikamwuliza nani angejua. Akafikiri kidogo, akasema shangazi yake mkubwa yuko Kagadi, ana miaka themanini na kitu, na hajawahi kuulizwa.